Sumu Ndani ya Konokono Aliye Hai

Kila asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, Mama Bata aliingia bustanini na ndoo. Aliinua majani ya kabichi, akaokota konokono. Huyu chini ya jani. Huyu kwenye shina. Huyu amejibanza ukutani, amejifungia ndani ya gamba lake kama mtu asiyetaka wageni.

"Toka huko, bwana mkubwa," alimwambia. "Umekula usiku kucha. Sasa zamu ya wenzako."

Wenzake walikuwa bata. Walipoiona ndoo tu, walikuja mbio, wakiyumba huku na huku, wakipiga kelele. Konokono wadogo waliwameza wazimawazima. Wakubwa, Mama Bata aliwaponda kwa jiwe kwanza. Bata walishiba, wakataga. Watu wa mtaa walinunua mayai, na ndiyo maana wakamwita Mama Bata.

Bustani yao ilikuwa nyuma ya nyumba, imebanwa kati ya ukuta wa gereji na mfereji. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Ndani waliishi watu wanne: Mama Bata, mumewe, mama mkwe wake waliyemwita Bibi, na binti yao mdogo ambaye alikuwa hajaanza shule. Mtoto huyo aliitwa Kasuku. Ukisema neno, analirudia. Ukikohoa, anakohoa.

Mumewe aliitwa Chapachapa. Alikula amesimama. Alifunga vifungo vya shati akiwa njiani. Kazi ya kuokota konokono mmojammoja ilimchosha hata kuitazama.

Mwaka ule mvua ilinyesha bila kupumzika, na konokono wakawa wengi kuliko kawaida. Majani ya kabichi yalijaa matundu.

"Hebu niambie, mke wangu," Chapachapa alisema. "Unafuga bata au unafuga konokono?"

"Nafuga mume asiyejua kuinama," alijibu Mama Bata.

"Asiyejua kuinama!" alisema Kasuku.

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini Chapachapa hakucheka. Alichukua kofia yake, akaenda dukani.

Muuza dawa alikuwa na duka pale njia panda. Aliuza mbegu, mbolea na dawa za kuulia wadudu. Dawa zenye karatasi ya maelezo alizipanga mbele, zing'ae. Chini ya meza alikuwa na dumu kubwa lisilo na maandishi yoyote. Kutoka kwenye dumu hilo alimimina dawa katika chupa ya soda.

"Hii ndiyo kiboko yao," alisema.

"Naweka kiasi gani?"

"Kifuniko kimoja kwa bomba moja la kunyunyizia. Wakikaidi, viwili. Wakikaidi tena, kaka, wewe ni mwanaume, tumia akili yako."

Hiyo ndiyo elimu yote aliyopewa. Hakuambiwa jina la dawa. Hakuambiwa avae nini, wala asubiri muda gani kabla ya kuvuna. Mtu anauziwa kifo katika chupa ya soda, na anaambiwa atumie akili!

Chapachapa aliweka vifuniko vingi. Alinyunyiza bustani nzima akiwa kifua wazi, akipiga mluzi. Jirani yao alimwona kutoka upande wa pili wa ua. Jirani huyo alikuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa kilimo. Kila aliposhika udongo au mmea alivaa glavu, basi wakamwita Mama Glavu.

"Shemeji!" aliita. "Unanyunyiza nini hicho?"

"Dawa!"

"Dawa ipi? Ina jina gani?"

"Jirani, na wewe! Hata chumvi ukiitia mchuzini unavaa glavu. Niache nimalize."

Asubuhi yake Mama Bata aliingia bustanini na ndoo, akasimama. Konokono walikuwa wamejaa chini. Wengine walikuwa wamekufa, nyama imetoka nje ya gamba, povu limewazunguka. Wengine walikuwa bado wanatambaa, polepole. Nyuma ya ua bata walikuwa wanapiga kelele za njaa.

"Hawa niwape bata au nisiwape?" aliuliza.

Chapachapa alikuwa anapiga mswaki. Alitema mate, akasema, "Waliokufa tupa. Hao wamekunywa dawa. Walio hai hawajaionja. Wangeionja wangekuwa hai?"

"Tena waoshe," alisema Bibi. "Kilicho juu ya ngozi kitatoka kwa sabuni."

Maneno yale yalikuwa na akili ndani yake. Ndiyo maana Mama Bata aliyakubali. Alileta beseni, maji na sabuni. Akakaa kwenye kigoda, akachambua. Alimgusa kila konokono kwa kidole. Akirudisha pembe ndani, yu mzima, anaingia beseni. Asiporudisha, anatupwa shimoni. Kasuku alichuchumaa kando yake, mikono imezama kwenye beseni mpaka kwenye viwiko.

"Huyu mzima!" aliimba. "Huyu amekufa! Huyu mzima!"

Kila asubuhi walifanya hivyo. Kila asubuhi bata walikula.

Lakini Mama Bata aliona jambo. Konokono hawa walio hai hawakuwa kama wale wa zamani. Ute wao ulikuwa mwingi na mwepesi kama maji. Wengine walitoa pembe, wakashindwa kuzirudisha upesi. Wengine walitambaa wakizunguka palepale, kama wamesahau walikokuwa wanakwenda. Aliendelea kuchambua. Angesema nini? Walikuwa hai.

Kisha bata mmoja akakaa chini, akakataa kusimama. Shingo yake ilijikunja nyuma. Udenda ulimtoka mdomoni.

"Mchinje upesi," alisema Chapachapa. "Akijifia, tumepoteza nyama."

Wangapi wetu tumewahi kusema hivyo? Mnyama anaonyesha wazi kwamba ana ugonjwa, na sisi tunakimbilia kisu.

Wakamchinja. Mchana nyama ikaiva. Bibi alipakua, na vita vya firigisi vikaanza kama kawaida yao.

"Firigisi ya mwenye nyumba," alisema Chapachapa.

"Firigisi ya mwenye bata," alisema Mama Bata.

"Firigisi ya Kasuku!" alisema mtoto. Wakacheka, wakampa.

Walikuwa hawajamaliza kula, Mama Bata akasikia kishindo kidogo uani. Alichungulia. Bata wa pili alikuwa ameanguka. Wa tatu alikuwa anapiga mabawa chini, kichwa kimelala upande. Mama Bata alikitazama chakula kilichokuwa mkononi mwake. Alikirudisha kwenye sahani polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Acheni kula," alisema.

"Kuna nini?"

"Nimesema acheni kula!"

Hakuna aliyerudia maneno yake. Hapo ndipo hofu ilipoingia ndani ya nyumba ile. Wote watatu waligeuka kumtazama mtoto.

Kasuku alikuwa ameegemea ukuta. Mdomo ulikuwa wazi, udenda unachuruzika mpaka kifuani. Jasho lilimtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Kope zake zilikuwa zinachezacheza.

"Kasuku," aliita Bibi. "Sema, 'Bibi, nimeshiba.' Sema, mjukuu wangu."

Mtoto hakusema.

"Sema 'bibi' tu. Basi sema 'bi'."

Mama Bata akapiga kelele. Mama Glavu alikuwa anafua nyuma ya ua, glavu mikononi. Hakuzunguka mlangoni. Aliruka ua, sketi ikachanika, akaingia ndani. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa zikawa kama ncha ya sindano.

"Ni ile dawa," alisema. "Aliigusa wapi?"

"Hakuigusa!" alilia Mama Bata. "Aliosha konokono tu. Walio hai!"

"Kwa mikono mitupu?"

Bibi alikuwa tayari amebeba kikombe. "Maziwa! Mpeni maziwa, yataivunja sumu."

"Hapana, mama," alisema Mama Glavu, akaushika mkono wake kwa upole. "Maziwa hayavunji sumu hii. Yanaweza kumpalia akashindwa kupumua."

"Basi nimtapishe," alisema Chapachapa, na kidole tayari.

"Toa kidole hicho! Ukimtapisha, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Nisikilizeni. Mvueni nguo zote. Wewe, mama yake, vaa glavu hizi. Mwosheni mikono, uso na mwili kwa sabuni na maji mengi. Mlazeni kwa ubavu, mate yatoke nje. Shemeji, tafuta gari. Na ile chupa, mwende nayo hospitali."

Fundi wa gereji ya jirani alitoa gari lililokuwa bado halijafungwa boneti. Wakaenda hivyo hivyo. Njia nzima Mama Bata aliweka sikio kwenye kifua cha mwanawe. Pumzi ilikoroma kama bomba lenye maji. Kila ilipokawia, na yeye aliacha kupumua.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja. "Dawa gani?"

Chapachapa alinyoosha chupa ya soda.

Daktari aliigeuza huku na huku. "Karatasi yake iko wapi?"

"Haina."

"Uliuziwa hivi?"

"Niliuziwa hivyo."

"Sitasubiri jina," alisema daktari. "Dalili zake zinatosha." Akamdunga mtoto sindano ya kuipinga sumu. Akamwekea bomba la hewa puani. Akamtazama, akamdunga tena.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Chapachapa, mtu asiyejua kukaa, alikaa. Kila mlango ulipofunguka, wote watatu walisimama. Kila muuguzi alipopita bila kuwatazama, walikufa kidogo. Bibi alinong'ona, "Mimi ndiye niliyesema muwaoshe." Mama Bata alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa anaogopa kuisogeza karibu na uso.

Jioni ile daktari alitoka. "Anapumua vizuri. Lakini hatoki hapa. Sumu ya namna hii huweza kutulia, kisha ikarudi baadaye. Na ninyi mliokula na kushika, ingieni, nataka kuwapima."

Kasuku alilazwa siku kadhaa. Kisha siku moja alifungua macho akanung'unika kwamba kitanda kina baridi. Mama yake akalia kwa sauti, wodi nzima ikageuka.

Lakini swali lilibaki limemkwama. Aliporudi nyumbani alimfuata Mama Glavu.

"Jirani, nieleze kama unavyomweleza mtoto. Konokono alikuwa hai. Nilimwosha. Sumu ilitoka wapi?"

"Njoo kazini kwangu," alisema Mama Glavu. "Uje na huyo mumeo. Siku ile mlipokwenda hospitali, niliwachukua konokono wachache waliobaki kwenye beseni lenu."

Chumba cha maabara kilikuwa na harufu kali na meza nyeupe. Katikati ya meza kulikuwa na hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho.

"Mwili wa konokono, kama mwili wako, umejengwa kwa vyumba vidogo vinavyoitwa seli," alisema Mama Glavu. "Seli nyingi za kazi moja zikishikana, zinaitwa tishu. Tunachukua tishu, tunaikata nyembamba kuliko karatasi, tunaitia rangi, tunaitazama. Huyu wa kwanza nilimwokota mahali pasiponyunyizwa kitu. Hili ni ini lake, tuseme hivyo. Ni kiungo kinachosaga chakula na kupambana na sumu. Tazama."

Mama Bata aliinama. Aliona vyumba vidogo vya waridi, vimepangwa vizuri kama matofali, kila kimoja na nukta nyeusi ndani.

"Pazuri," alisema.

"Sasa huyu wa beseni lako."

Mama Bata aliinama tena. Akashtuka, akarudi nyuma. "Hapa pamebomoka!"

Chapachapa alitazama. Kuta za vyumba zilikuwa zimepasuka. Vyumba vingine vimevimba, vimejaa matundu matupu. Nukta nyeusi zilikuwa zimesinyaa au hazipo. Ilikuwa kama nyumba iliyopitiwa na moto.

"Huyu alikuwa amekufa," alisema Chapachapa. "Si ndiyo? Huyu alikuwa mmoja wa waliokufa."

"Huyu alikuwa anatambaa juu ya meza yangu, shemeji. Alirudisha pembe nilipomgusa."

Chapachapa aliinama akatazama tena.

"Konokono anatembea kwa tumbo," aliendelea Mama Glavu. "Ngozi yake ni laini, ina maji. Akipita kwenye sumu, anainywa kwa ngozi. Akila jani, anaila tena. Anatoa ute mwingi ili aitoe, mpaka tezi za ute zinakauka. Sumu inaingia kwenye ini, kwenye misuli ya mguu, kila mahali. Lakini kufa kwake kunachukua muda. Huo muda wote anatambaa akiwa chupa ya sumu yenye gamba. Sabuni inaosha gamba. Haioshi ini."

"Na bata..." alisema Mama Bata.

"Bata mmoja anakula konokono wangapi? Sumu ya wote inakusanyika ndani yake. Firigisi yake ilikuwa na konokono ambao hawajasagika bado. Sumu ilimwingia Kasuku kwa mikono au kwa firigisi, siwezi kuapa ni ipi. Njia zote mbili mlimfungulia."

Mama Bata alilia. "Niliwachagua walio hai. Nilichagua kwa mkono wangu."

"Wewe ulikuwa unaogopa kuwapa bata sumu. Ungekuwa huogopi usingechagua. Kuna mtu alijua ni sumu gani, na hakuogopa."

Chapachapa akavaa kofia yake.

Walikwenda dukani wote, na Bibi pia, na majirani waliosikia. Muuza dawa aliwaona wakija, akaanza kupanga mbegu zilizokwisha kupangwa.

"Pole kwa mtoto," alisema. "Lakini kaka, uliweka vifuniko vingapi?"

"Nilitumia akili yangu," alisema Chapachapa. "Si ndivyo ulivyoniagiza?" Akaiweka chupa mezani. "Nisomee jina lake."

"Hiyo ni... dawa ya konokono."

"Soma. Nitaje jina gani daktari akiniuliza tena?"

"Mnaniharibia biashara bure. Mtoto pengine alikula kitu kingine. Joto hili..."

"Joto!" Bibi alisogea mbele mpaka tumbo likagusa meza. "Mwaka ule samaki walipoelea kwenye mfereji, wakubwa wa shamba la maua lililomwaga dawa zake humo walitwambia ni joto. Wanawake walipoharibu mimba mmoja baada ya mwingine, wakatwambia ni joto. Nilikuwepo. Sikusahau hata siku moja. Leo mjukuu wangu amechuruzika udenda, na wewe unaniletea joto? Tuonyeshe hilo dumu."

Mwanamke mmoja nyuma alifungua mkoba wake, akatoa chupa ya maji ya kunywa yenye dawa ya rangi ya chai ndani. Akaiweka mezani. Mwingine akasema yake iko nyumbani, juu ya kabati, karibu na mafuta ya kupikia. Alisema hivyo, kisha akageuka akakimbia.

Mama Glavu alikuwa ameshapeleka taarifa kwa wakaguzi wa dawa za kilimo. Walichelewa, kama wanavyochelewa siku zote, na watu waliukalia mlango wa duka mpaka walipofika. Dumu likafungwa kwa lakiri, likachukuliwa.

Kazi moja ilibaki, tena ngumu. Kabichi zilikuwa zimetoa majani mapya, zimefunga vizuri, kubwa, bila tundu hata moja. Mchuuzi wa sokoni alikuja na mkokoteni wake.

"Chapachapa, umepatia! Hizi watu watazigombania."

Chapachapa alimtazama Mama Glavu, aliyekuwa upande wa pili wa ua. "Zikikaa kidogo zitafaa?"

"Dawa yenye karatasi inakwambia usubiri siku ngapi," alijibu. "Hii haikukwambia. Mimi siwezi kukubahatishia."

Chapachapa akachukua jembe. Alivaa buti, suruali ndefu na glavu za jirani zilizombana. Alichimba shimo refu mbali na mfereji, kando ya lile walilofukia bata wote waliokufa. Alizing'oa kabichi zote, moja baada ya nyingine, polepole. Mchuuzi alishika kichwa, akamwita mwendawazimu.

"Kuna mtoto angekula hizi," alisema Chapachapa. "Wa nani, sijui. Lakini yupo."

Msimu uliofuata walianza upya kwenye kipande kipya cha ardhi walichopewa na fundi wa gereji. Mama Glavu aliwafundisha. Walilaza mbao chini kati ya mistari. Konokono walikimbilia chini yake kujificha jua, na asubuhi Mama Bata aligeuza ubao na kuwakuta wote pamoja. Walimwagilia asubuhi badala ya jioni, ili udongo uwe mkavu usiku. Walifyeka majani ya pembeni. Mama Bata alinunua bata wapya, akawalisha konokono wa bustani ile mpya tu. Na hata hao aliwashika kwa glavu, kwa sababu konokono wana vijidudu vyao wenyewe. Kasuku alikatazwa kuwagusa.

Konokono hawakwisha. Kabichi zilikuwa na matundu hapa na pale. Mama Bata alizipeleka sokoni mwenyewe, akazipanga chini. Mwanamke mmoja mwenye kikapu aliinua moja, akaigeuza, akakunja uso.

"Mama, mbona hii imeliwa?"

"Imeliwa na konokono," alisema Mama Bata. "Konokono ameliwa na bata wangu. Yai la bata amelila mwanangu leo asubuhi, nikimtazama. Zile za mwenzangu pale hazina tundu. Nenda kamuulize aliyezilima kama anampa mwanawe."

Mwanamke aliitazama kabichi. Akageuza shingo, akamtazama muuzaji wa pili, aliyekuwa ameshaanza kupanga upya mboga zake bila kuinua kichwa.

"Nipe mbili," alisema.